Mafunzo ya Wafanyakazi

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji, na binti huyu alisifiwa mapema mno. Alikuwa na wiki chache tu katika ofisi ya wathamini, akijifunza kukadiria bei ya kampuni zisizouzwa kwenye soko la hisa: za watu binafsi, za kifamilia, na zile changa ambazo rangi ya jina haijakauka mlangoni. Wiki chache! Lakini shangazi yake, aliyemlea tangu hajaota meno, akamwita kiwandani kwake.

"Mwanangu, kuna bwana mwenye maduka ya vifaa vya ujenzi anataka kukinunua kiwanda. Niambie kinafaa bei gani. Sitaki kupunjwa na mtu baki, nami nina mtaalamu nyumbani."

Mtaalamu. Neno hilo likamvimbisha kichwa.

Kiwanda kilikuwa cha rangi za nyumba. Mlikuwa na mapipa makubwa ya kukorogea, makopo yaliyopangwa hadi darini, na harufu iliyokwisha kumla shangazi kifua. Daktari alishamkataza kufanya kazi humo. Alichotaka kwenye mauzo yale ni kijumba chenye hewa safi na cha kutia kinywani hadi mwisho wa siku zake, asimsumbue mtu.

Binti akachukua faida ya miaka mitatu, akatafuta wastani, akazidisha mara nne kama alivyowaona wenzake wakifanya kwa viwanda vidogo. Kisha akapunguza theluthi, kwa kuwa kampuni ya namna hiyo haipati mnunuzi kirahisi. Bei ikatoka. Shangazi akaipeleka kwa mnunuzi, naye akaikubali papo hapo bila hata kuguna. Mfanyabiashara asiyeguna! Mwenye akili timamu angeshtuka. Wao walipongezana.

Asubuhi ya siku ya kutia sahihi, mkufunzi wake wa kozi ya uthamini alisimama mbele ya ubao. Wanafunzi walimwita Bwana Punguzo, maana hata chai alitaka ipunguzwe sukari, maziwa na majani.

"Faida ya kampuni ya familia msiiamini mpaka muivue nguo," alisema. "Mwenye kampuni anakula humo, anajenga humo, anasomesha humo. Gharama ambayo mnunuzi hataibeba, irudisheni kwanza kwenye faida. Ndipo mzidishe."

Binti akaacha kuandika. Kwenye hesabu za shangazi palikuwa na gharama nene kila mwaka, mafunzo ya wafanyakazi, naye alikuwa ameipita bila kugeuza shingo. Wafanyakazi gani? Wakorogaji wale hawakufunzwa na mtu, walifunzwa na makopo. Aliyefunzwa ni yeye: ada ya chuo, bweni, vitabu, hata kozi hii aliyokuwa ameikalia kiti. Shangazi alimsomesha kupitia kiwanda. Na yeye, kwa shukrani zake, akaichukua kila senti aliyosomeshewa, akaihesabu kuwa udhaifu wa kiwanda, akaizidisha mara nne. Alijiona mwizi, tena mwizi wa mkono uliomlisha.

Hakuomba ruhusa. Aliondoka mbio.

Mnunuzi na wakili walikuwa wameshaketi ofisini, soda mezani. Binti akamvuta shangazi nyuma ya mapipa, akamweleza yote huku akilia.

"Kwa hiyo ingekuwa kiasi gani?"

"Karibu mara mbili, shangazi. Nisamehe."

Shangazi akakohoa kwa muda, mkono kifuani. "Usilie hapa. Ikijulikana wewe hukuwa mfanyakazi, watu wa kodi watanivaa. Sasa sikiliza. Nitaingia niseme kifua kimenibana, tuahirishe. Bei tutaipandisha taratibu, wala hana haja ya kujua kwa nini. Kazi yako ni kunyamaza. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

Alikuwa ameelewa kweli. Lakini ulimi hauna mfupa, na hatia ilikuwa imemjaa hadi kooni. Shangazi alipoanza kusema habari ya kifua, mnunuzi akamwonea huruma sana. "Pole, mama. Sahihi ni dakika moja tu, halafu ukapumzike." Akamsogezea karatasi.

"Bei hiyo si sawa!" binti akaropoka. "Nimekosea mimi. Yale mafunzo yalikuwa ya mtu mmoja, na yamekwisha. Hutayalipa wewe!"

Mnunuzi akaweka soda chini. "Mtu gani?"

"Mimi."

"Ahaa. Kumbe wewe ni mfanyakazi wa hapa. Unakoroga pipa lipi?"

Binti akamtazama shangazi. Shangazi alikuwa anatazama sakafu.

"Ni mwanangu," shangazi akasema mwishowe. "Hajawahi kukoroga hata kopo."

"Basi vitabu vya hesabu vimesema uongo." Mnunuzi alisema kwa upole, upole wa mtu aliyeokota pochi njiani. "Mimi si mtu wa kodi, mama. Nisifungue mdomo, nanyi msifungue bei. Au nasema vibaya?"

Shangazi akavuta karatasi, akatia sahihi polepole, herufi moja moja. Binti alingoja tusi. Alilitamani, maana angetukanwa angalau angekuwa amelipa kidogo. Tusi halikuja. Shangazi alinyoosha mkono tu, akamfuta machozi kwa kidole gumba kilichokauka kwa rangi.

Wakili akasema bado panahitajika shahidi wa upande wa muuzaji, mtu anayejua kusoma vizuri.

"Yupo," shangazi akasema, akampa binti kalamu. "Huyu nimemsomesha."