Mashine Haikuona Wekundu

Jemutai aliinua blauzi ya bintiye Jerop mbele ya foleni nzima, maana kliniki ya mtaa wa Langas haikuwa na pazia. Mgongo wa Jerop ulikuwa umejaa mabaka yaliyovimba. Mdomo wa juu ulikuwa umefura.

"Amekula njugu shuleni," Jemutai alisema. "Akizila hufura hivi."

Kuria, mhudumu wa mlangoni, alimsogeza Jerop kwenye mwanga. Aliupiga mgongo picha kwa tableti, akangoja. Siku hizi mashine ndiyo iliyoamua nani amuone daktari. Wenye bima walipita moja kwa moja.

"Hakuna wekundu," akasoma. "Si aleji. Inasema ni muwasho wa uchafu."

"Mguse tu, kaka. Amefura."

Kuria akamgeuzia kioo cha tableti. Palikuwa na picha ya mfano: mkono wa mtoto mzungu, mweupe, wenye madoa mekundu kama nyanya. "Aleji inakaa hivi."

Jemutai aliitazama picha, kisha ngozi nyeusi ya mwanawe.

"Unamuogesha na maji gani?"

"Ya kisima."

"Na sabuni?"

Kwenye benchi mtu aliguna. Mama mmoja akamvuta mtoto wake karibu naye, mbali na Jerop. Jemutai, aliyeshinda kutwa mtaa wa Pioneer akifua nguo za watu, alificha mikono yake iliyopasuka kwa sabuni ndani ya leso.

Kuria aliutazama tena mdomo wa Jerop, safari hii kwa muda. Akainama. "Mama, nikikupitisha na mashine imekataa, kazi sina. Nenda umuoshe vizuri." Halafu akapaza sauti: "Mwingine!"

Nyumbani Jemutai alijaza beseni, akamvua Jerop, akamsugua kwa kitambaa kigumu. Alisugua mgongo, shingo, nyuma ya masikio. Mabaka yalizidi kuvimba.

"Mama, unaniumiza." Sauti ya mtoto ilikuwa imekauka.

"Tulia. Nani alikwambia ucheze kwa matope?"

"Sikucheza."

Wahu, jirani wa mlango wa pili, alichungulia. "Mama Jerop, mbona huyo anapumua hivyo? Wacha niite boda tumpeleke hospitali kubwa."

Jemutai aliliona tena akilini lile benchi la kliniki. Akamwona yule mama akimvuta mtoto wake. Huko pia kungekuwa na foleni, na mtu wa kuuliza kwa sauti mtoto huogeshwa na nini.

"Tumetoka kliniki sasa hivi," alisema. "Wamesema ni joto tu."

"Joto? Na mdomo umefura hivyo?"

"Ni joto, Wahu."

Alisukuma mlango hadi ukafungika, akatia komeo. Akapiga magoti kando ya beseni, akapaka kitambaa sabuni upya. Jerop alivuta pumzi. Ikatoka na mluzi mrefu, mwembamba, uliopenya kuta za mabati.

"Pumua polepole," Jemutai alimnong'oneza, akiendelea kusugua. "Watu watakusikia."