Laini ya Mama

Kwa miaka miwili msusi alikopa pesa asizozihitaji. Kila mkopo ulipoingia, aliutia katika kopo tupu la maziwa ya unga, akaliweka juu ya kabati. Siku ya marejesho ilipokaribia, alilishusha kopo, akaongeza riba kutoka mfukoni mwake, akaenda kulipa kabla ya kudaiwa. Wenzake saluni walimcheka mpaka wakashika mbavu.

"Yaani unazinunua pesa zako mwenyewe?" aliuliza shoga yake wa kiti cha pili, huku akichambua nywele za bandia.

"Nanunua jina."

"Na hilo jina wanakupimia kwa kilo au kwa mita?"

Hakukasirika. Jina lake lilikuwa limechafuka kwa wakopeshaji tangu alipomdhamini mdogo wake wa kiume kununua gari dogo la mizigo. Mdogo huyo, ambaye mtaa mzima ulimwita Injinia kwa kuwa hakukosa mpango, aliliuza gari kabla ya kumaliza kulilipia, kisha akazima simu. Benki ikamgeukia mdhamini. Msusi alilipa deni lile kichwa baada ya kichwa, akisuka mpaka miguu ikamvimba. Lilipokwisha, alidhani mambo nayo yamekwisha. Afisa mikopo, mama mpole mwenye miwani, ndiye aliyemfumbua macho: kumaliza deni ni jambo moja, kuaminika tena ni jambo jingine. "Kopa kidogo, lipa mapema, rudia," alimwambia. Ndipo kopo la maziwa likapanda kabatini.

Alichokitaka kilikuwa chumba cha biashara kilichotazamana na duka la dawa. Kilikuwa na maji ya bomba ndani na dirisha pana. Mwenye nyumba alidai kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo, na alikubali kungoja mpaka mwisho wa mwezi, si zaidi. Msusi alikwisha kupima kwa macho mahali pa kila kioo.

Siku ya majibu ya mkopo wa kodi alivaa gauni lake la heshima. Afisa mikopo hakumtazama usoni.

"Dada, alama zako za ukopaji zimeporomoka. Una mikopo mitatu ya simu, yote imepitiliza."

"Mimi? Sijawahi kukopa kwa simu."

"Laini imesajiliwa kwa kitambulisho chako." Aligeuza kioo cha kompyuta ili msusi aione namba.

Msusi hakuhitaji kuisoma mara mbili. Ilikuwa namba ya mama yake. Yeye mwenyewe ndiye aliyeisajili, siku ile mashine ya alama za vidole ya duka la simu ilipokataa vidole vya mama. Miaka ya kufua nguo za watu ilikuwa imevisugua vidole vile mpaka vikabaki bila mstari. Foleni ilikuwa ndefu na mama amechoka, basi binti akaweka kidole chake, wakaenda zao.

"Unaweza kwenda polisi," afisa alisema kwa sauti ya chini, "useme jina lako limetumiwa bila ridhaa. Ila watataka umtaje mtu."

"Na nikilipa leo?"

"Deni litafutika. Kule kuchelewa hakutafutika upesi. Uje mwakani."

Alimkuta mama sebuleni, amezungukwa na nguo za wateja, akizikunja. Msusi hakuketi.

"Mama, nani amekopa kwa simu yako?"

"Hata salamu hakuna? Kaa kwanza, mwanangu, unywe maji."

"Sinywi. Ni Injinia?"

Mama alikunja shati, akalikunjua, akalikunja upya. "Mdogo wako alibanwa. Alisema wiki haitakwisha kabla hajarudisha."

"Ulijua kwamba laini ina jina langu?"

"Wewe uliapa hutamdhamini tena. Sikukuomba umdhamini. Kuna siku nimekuomba?"

"Nimeuliza kama ulijua."

"Nilijua." Mama alilitamka neno hilo kama mtu aliyeulizwa leo ni siku gani. "Nilijua pia kwamba wewe utalipa. Yeye hana tabia hiyo, unamfahamu. Wewe hulipa siku zote, tangu ukiwa mdogo."

Msusi alicheka kicheko kikavu. Benki ilimtaka miaka miwili ya kopo la maziwa ndipo imwamini nusunusu. Nyumbani kwao aliaminiwa kikamilifu, bila fomu na bila kuulizwa.

"Usinikunjie uso," mama alisema. "Ni vijisenti tu hivyo."

"Nimekosa chumba, mama."

"Mji huu umekauka vyumba? Kipo kingine."

Aligeuka akatoka. Alirudi kwake, akalishusha kopo, akaongezea akiba yake, akalipa mikopo yote mitatu. Alipotoka tena, alipita mbele ya duka la dawa. Hakuligeuzia shingo dirisha la ng'ambo, lakini alisikia nyundo ndani: mtu alikuwa akipigilia rafu za kwake. Mwezi ulikuwa haujaisha. Huenda mwenye nyumba alikuwa na shoga yake benki, aliyemnong'oneza kwamba mkopo umekataliwa.

Msusi aliingia katika duka la simu, akatoa kitambulisho.

"Naifunga laini hii."

Mhudumu aliitazama namba. "Kabisa, dada? Ikifungwa hairudi. Watu wako wote wataikosa."

"Najua."

Mama hakuwa na namba nyingine. Hiyo ndiyo waliyoijua wateja wake wa kufua, dada zake waliotawanyika, na Injinia. Wakati mhudumu akibonyezabonyeza, simu ya msusi iliita mkobani. Aliitoa. Ni mama. Aliiacha iite mikononi mwake mpaka ikanyamaza.

Mhudumu alimsogezea mashine ndogo ya vidole. Msusi alikitazama kidole gumba chake. Nacho kilikuwa kimeanza kusuguka, kwa uzi na mafuta na vichwa vya watu. Kwa kitambo alitamani mashine ikikatae.

Alikiweka. Taa ya kijani iliwaka papo hapo.