Nusu ya Kichwa

Kila Ijumaa, baada ya kufunika cherehani yake, mshonaji aliingia duka la intaneti, akaketi kwenye kompyuta ya pembeni, akafungua kitambaa alichojifunga kichwani na kuinama mbele ya skrini. Kitinda mimba wake, mfanyakazi wa ndani nchi ya mbali, mwaka wa nne huu ananyimwa likizo, alipitisha mikono yote miwili kwenye kioo na kuanza kumsuka. Ilikuwa mikono yake hasa, na kovu la pasi kwenye kidole gumba. Wateja wengine walimwomba tu asogeze kiti wapate njia.

Mwenye duka alijua mikono inapita kwa sababu kivinjari ni cha zamani. Kila asubuhi kilipomletea sasisho la usalama, alibofya "Baadaye". Alifanya hivyo kwa ajili ya mama huyo, ingawa hakuwahi kumwambia.

Ijumaa moja kivinjari hakikuuliza. Skrini ilizimika, ikawaka, na mikono ikajikuta upande wa pili, nusu ya kichwa haijasukwa. Binti akawa anagonga kioo kwa ndani. Sauti ilipita vizuri.

"Mama, umenifungia?"

"Nikufungie mimi? Ufunguo niutoe wapi, mwanangu?"

Mwenye duka aliipigia kampuni ya kivinjari. Alisubirishwa na muziki mpaka sikio likapata moto. Dada wa huduma kwa wateja alikuwa mpole, upole wa kukera.

"Ile haikuwa huduma, kaka. Ulikuwa mwanya. Tumeuziba kwa usalama wenu."

"Usalama gani? Mtoto anamsuka mama yake!"

"Mfumo hauwezi kulijua hilo. Naomba uikadirie huduma yetu ya leo."

Alikata simu, akaipiga meza ngumi.

Ijumaa iliyofuata mshonaji alikuja na kichwa kilekile. Msusi wa jirani alijitolea kummalizia bure, lakini mama akamkatalia.

"Mwenye kazi yake yupo," alisema.

Aliinama. Binti akabandika viganja kwenye kioo, kwa ndani. Ndipo tangazo lilipofunguka kwenye kona ya skrini, na mkono mwingine ukatoka bila hodi, una saa ya kung'aa. Ulimpapasa upande usiosukwa, kisha ukamwekea chanuo mapajani.

"Huu mbona unapita?" mshonaji aliuliza.

"Huo una kibali," alijibu mwenye duka, bila kumtazama usoni.

Mshonaji alirudisha chanuo mezani, akafunga kitambaa chake. Mkono ule ulibaki pale, kiganja wazi, unasubiri kulipwa. Nyuma yake binti alikuwa bado anagonga.