Nta au Pilipili

Aliunguza ncha ya kipande cha plastiki, akauzima mwali, moshi ukapanda. Siku zote aliuvuta mara moja, kama mpishi anayenusa harufu ya chungu, kisha akataja aina ya plastiki. Ndiyo maana kwenye kiwanda hiki cha kurejeleza plastiki walimwita Pua. Leo alibana pumzi.

"Pua, nta au pilipili?" mwendesha mashine ya kuyeyushia alipaza sauti.

Nta ilikuwa plastiki ya ndoo, inayonukia mshumaa. Pilipili ilikuwa ile laini ya mipira ya maji, moshi wake huwasha koo. Zikichanganyika, mzigo wote huharibika.

"Nta," alibahatisha, na mwenzake akaumimina mzigo mashineni.

Asubuhi daktari alikuwa amemweleza kwamba mbegu zake za uzazi ni chache mno, kisha akamuuliza anafanya kazi gani. "Zipo kemikali za kulainisha plastiki zinazohofiwa kudhuru uzazi wa wanaume," alisema. "Siwezi kuapa kwamba ndizo. Lakini jiepushe nazo, halafu tupime tena."

Kujiepusha nazo! Angeiweka wapi pua iliyomlisha?

Mara mashine ikatoa moshi mkali. Mwendesha mashine akaizima, akikohoa. "Pilipili hii, ndugu yangu! Una mafua wewe?" Akamgeukia mke wa Pua, aliyekuwa akiosha vipande kwenye karo. "Shemeji, bwana wako hasikii harufu. Labda mimba kaibeba yeye, harufu zinamchukiza!"

Watu wakaangua kicheko. Mke hakucheka. Alikuja akijifuta mikono kwenye kanga.

"Daktari kasema nini?" aliuliza kwa sauti ya chini. "Niambie tu. Mama yako kila siku ananiita tasa, nimeshazoea."

"Si wewe," Pua alisema. "Ni mimi. Na huenda ni huu moshi."

Mkewe akamshika mkono, akamvuta pembeni, mbali na mashine, kama mtu anayemwondoa mtoto barabarani.

"Kesho atanusa nani?" mkewe aliuliza.

Pua aliigeukia mashine.

Mwendesha mashine alichokonoa mdomo wa mashine kwa chuma. Plastiki iliyokwama ilivutika kama ute, ikarudi ndani. "Haing'oki ikiwa ya moto," alisema. "Tuiache ipoe. Tutaibandua kesho."

Wote watatu wakasimama wakiitazama ikifuka.