Jiwe la Tatu

Kitendawili. Nina mlima wangu, asubuhi naukunjua, jioni naukunja. Fikiri taratibu, msikilizaji, wala usiharakishe kunipa mji. Kama jibu halijakujia lenyewe, mji nitauchukua baadaye.

Palikuwa na bibi mmoja, fundi cherehani ambaye macho yake yalistaafu kabla ya mikono. Sebuleni kwake, juu ya kabati la vyombo, ilisimama picha nyeusi na nyeupe. Ndani yake bibi ni msichana wa kiuno chembamba, na mumewe, ambaye mtaa mzima mpaka leo unamwita Fundi Picha, yuko kando yake kinywa wazi kidogo. Nyuma yao majiwe matatu makubwa yamepandana kama masufuria jikoni kwa mvivu.

Mjukuu wao mkubwa alikuwa muuguzi, na kwa wingi wa maneno yake nyumbani walimwita Chiriku. Jumatatu hiyo alikuja na likizo ya wiki moja, akatandaza ramani ya hifadhi ya taifa juu ya meza ya kulia.

"Jumamosi tunakwenda kwenye majiwe," alisema. "Mimi, bibi na babu. Gari nimeshapata. Nataka mpige picha nyingine palepale. Haya bibi, nionyeshe. Mlisimama upande gani?"

Bibi aliinamia ramani kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka. "Mke mwenza, mbona huniulizi nitavaa viatu gani?"

"Viatu nitakutafutia. Upande gani?"

"Muulize babu yako. Ndiye mwenye kamera."

Babu alikuwa kitini dirishani, anafuta lenzi ambayo kamera yake ilikwisha kufa zamani. "Muulize bibi yako," alisema. "Mimi nilikuwa namtazama yeye, majiwe sikuyaona."

"Msikie mzee huyu," bibi alisema. "Maneno yaleyale aliyonipatia."

Chiriku akacheka, akaandika vya kubeba: kofia, maji, mkate, dawa ya kuchua magoti. Lakini swali likabaki mezani pamoja na ramani. Jumanne akaliuliza tena, bibi akakumbuka nguo zilizo kwenye kamba. Jumatano akaliuliza, bibi akasinzia ghafla, jicho moja likichungulia.

Usimcheke. Mambo yalianza kwa utani. Mtoto wao wa kwanza aliuliza, "Baba, mbona hapa unahema?" Fundi Picha akajibu, "Hebu panda wewe mlima ule tukuone." Utani ukakaa, ukaota mizizi, ukawa habari ya ukoo, na watoto wakaupeleka shule. Hata Chiriku, alipokwenda chuo cha uuguzi, aliibeba picha ile miaka yote mitatu. "Nikichoka naitazama," alimwambia bibi siku moja. "Nasema, bibi alipanda pale na viatu vya kisigino, mimi nitashindwaje na mtihani?"

Tangu siku hiyo utani ule ulimkaa bibi kooni kama mwiba wa samaki. Akisema kweli, si atamnyang'anya mjukuu wake fimbo aliyotembelea?

Naye hakusahau kitu. Akifumba macho alikiona chumba cha picha, mlango wa pili kutoka kwenye cherehani yake. Harufu kali ya dawa, taa mbili za kuchoma uso, na ukutani kitambaa kirefu ambacho Fundi Picha, wakati huo kijana, alikichora majiwe kwa kuiga picha ya kalenda. Asubuhi alikikunjua, jioni akakikunja. Huo ndio mlima wenyewe, msikilizaji, na mji wako umesalimika. Wanajeshi, maharusi, watoto wachanga, wote walisimama mbele yake, wakatoka wakijiona wametembea nchi.

Siku moja kitambaa kikachanika, kijana akakileta kwa fundi cherehani. Akaja kukichukua. Kesho yake akaja kuuliza uzi. Keshokutwa akaja kuuliza saa ni ngapi, na saa anayo mkononi. Siku walipopiga picha yao, aliitega kamera ijipige yenyewe, akakimbia kuja kusimama kando yake. Ndiyo maana anahema. "Iko siku nitakupeleka kwenye yenyewe," alimnong'oneza. Mwakani, wakasema. Mwakani ikazaa mwakani nyingine, hadi leo miaka arobaini na sita.

Ijumaa Chiriku alipiga simu hifadhini, akaweka spika ili wazee nao wasikie.

"Naulizia yale majiwe matatu yaliyopandana."

"Mawili, dada," alijibu askari wa hifadhi.

"Matatu, kaka. Picha ninayo hapa."

"Dada yangu, huu ni mwaka wangu wa ishirini hapa. Nayaona dirishani sasa hivi. Mawili."

Chiriku akakata simu. Akaichukua picha kabatini, akapitisha kidole juu ya kioo chake.

"Basi jiwe la tatu limeanguka," alisema. "Limeanguka kabla sijaliona." Akaanza kuikunja ramani. "Tuache kwanza, bibi. Mimi nilitaka lile la juu. Tutakwenda mwakani."

Neno hilo lilimchoma bibi. Akamtazama Fundi Picha. Fundi Picha akaiweka lenzi chini, akamwitikia kwa kichwa. Bibi akaweka kiganja juu ya ramani isikunjike.

"Uliniuliza tulisimama upande gani," alisema. "Tulisimama ndani ya chumba cha picha, mgongo ukutani, mbele ya kitambaa alichochora babu yako. Na jiwe lako halikuanguka, mama. Kitambaa kilichanika hapo juu, nikakitia kiraka cha suruali ya kijivu. Kiraka kikawa kinaonekana, babu yako akakataa kukibandua kwa kuwa nimekishona mimi, akakichora kikawa jiwe. Hayo mawili ya chini ndiyo sijawahi kuyaona. Kupanda sijapanda bado. Nataka kesho nikapande, wewe ukinishika mkono, magoti yangu yangali yananisikia."