Zamu ya Shakila

Jumatatu ya pili tangu shule zifunguliwe, Winfrida alimfunga binti yake Justina kamba za viatu fundo mara mbili, akamshika mkono, wakaenda kuitazama shule ya tatu.

Mbili za kwanza zilikuwa zimemnyima usingizi. Moja haikuwa na uzio, na malori ya korosho yaliyoelekea Mtwara yalipita karibu na darasa hadi chaki zikadondoka ubaoni. Nyingine ilikuwa na uzio, lakini kisima chake cha mvua kilifunikwa kwa mbao zilizooza, na watoto walirukaruka juu yake wakiimba. Newala maji ni ya kuvizia. Shule huchimba shimo refu, hulisakafia kwa saruji, maji ya bati yakaingia humo kungoja kiangazi. Winfrida alizisikia mbao zile zikilia chini ya visigino vidogo. Justina alikuwa na miaka minne, na hakuwa mtoto wa kukaa anapoambiwa akae.

Shule ya tatu ilikuwa nyuma ya ghala la korosho. Kisima chake hakikuwa na mfuniko kabisa. Winfrida angegeuza njia palepale, ila Mwalimu Gwakisa alikuwa ameshaanza kuita majina.

"Abdulrazaki."

"Nipo, mwalimu."

"Dominika."

"Nipo, mwalimu."

"Shakila."

"Nipo, mwalimu," sauti ikajibu kutoka kisimani. Ilikuwa sauti ya mtoto mwenye mafua kidogo.

Mwalimu akaweka alama ya vema, akaendelea. Alipomaliza, Winfrida alimsogelea.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mama. Umetuletea mwanafunzi?"

"Nimekuja kuangalia kwanza. Huyo Shakila..."

"Aliteleza akatumbukia humo masika ya mwaka juzi. Tulimzika Ijumaa. Jumatatu nikaita majina kwa mazoea, akaitika. Mahudhurio yake yanawashinda wote."

"Na mfuniko?"

"Saruji ililetwa, mama. Kamati ikakaa, ikaona kwa kuwa Shakila yupo, mfuniko si wa haraka. Tukajengea jukwaa la bendera."

Alilionyesha. Lilikuwa jukwaa zuri, limepakwa chokaa.

Wakati huo mtoto mmoja alikuwa akiufukuza mpira wa makaratasi uliokuwa unabingirika kuelekea kisimani.

"Rudi wewe!" sauti ikafoka kutoka chini. "Nitakusema kwa mwalimu!"

Mtoto akarudi mbio, macho yamemtoka. Mpira ukaanguka ndani peke yake.

"Umeona?" alisema Mwalimu Gwakisa. "Tangu wakati ule hajaingia hata mmoja."

Saa ya mapumziko alikuja mwanamke mwenye kikombe cha uji. Alikifunga kamba, akakiteremsha kisimani kwa uangalifu. Winfrida alichuchumaa hatua chache nyuma yake, akiwa amembana Justina katikati ya magoti.

"Pole, Mama Shakila. Huwa anakunywa?"

"Kikombe kinarudi kitupu. Na sukari ikipungua ananinunia, kama hajafa vile."

Winfrida hakujua kama acheke. Kutoka chini mtoto akauliza, "Mama, zamu yangu inaisha lini?"

Pale shuleni kila mtoto alikuwa na zamu: kufagia, kumwagilia maua, kugonga kengele. Kila Ijumaa anayemaliza humkabidhi mwenzake.

"Bado kidogo, mwanangu."

"Kila siku bado kidogo. Dominika mbona ameshakabidhi ufagio?"

Mama Shakila alivuta kamba. Kikombe kilikuwa kitupu. Alimtazama Justina kwa muda, kisha akageuza uso.

"Zamu haiishi mpaka mwenzako apokee," alisema polepole. "Ndiyo maana namwambia bado kidogo."

Winfrida alimbana Justina zaidi. Aliyafikiria malori. Alizifikiria mbao zilizooza, na shimo lililokuwa chini yake, ambamo hakukuwa na mtu wa kumfokea mtoto arudi. Akaingia ofisini, akamwandikisha Justina.

Jioni, alipokuwa akimwosha miguu, Justina alisema, "Mama, Shakila kanipenda."

"Ulikwenda kisimani?"

"Sijakwenda. Aliniita ulipokuwa ofisini, nikasimama mbali. Kaniambia niseme 'Rudi' kwa nguvu."

Mkono wa Winfrida ulisimama ndani ya beseni. "Ukasema?"

"Nikasema. Akasema bado, sauti yangu ndogo. Tutajaribu tena kesho."

Asubuhi Winfrida alizifunga kamba za viatu fundo mara tatu. Walipofika, bendera ilikuwa imepandishwa, jukwaa limeongezwa chokaa, na kisima kiko wazi. Justina alikimbilia darasani bila kuaga. Winfrida alibaki getini, amezishika nondo kwa mikono miwili.

"Shakila."

"Nipo, mwalimu."

"Justina."

"Nipo, mwalimu."

Aliendelea kusimama pale, akipima sauti ile ya pili imetokea upande gani. Alipokuwa na hakika kwamba imetoka darasani, aliziachia nondo, akaenda shamba. Kesho yake alisimama tena.