Mlango wa Kushoto

Kutafuta mtandaoni kisa kizuri cha mchezo wa kusimuliana ni kama kutafuta mchumba: wenye picha za kuvutia ndio wenye kasoro kubwa. Fundi miwani aliyajua hayo kwa machungu. Alishakutana na tovuti zinazoahidi ramani za bure, ukibofya unaombwa kadi ya benki. Alishapakua visa vyenye majini chungu nzima, na hakuna hata jini moja lenye sababu ya kukaa pangoni. Basi mumewe alipomjia dukani na simu mkononi, akamwambia, "Mke wangu, nimekupatia tovuti yenyewe hasa," alimkumbatia mbele ya wateja bila haya.

Kila Jumapili alasiri, duka likishafungwa, meza ya kukatia lenzi iligeuka mapango na majumba ya wafalme. Fundi ndiye aliyekuwa msimulizi. Wachezaji walikuwa watatu, kila mmoja na mtu wake wa kubuni aliyemwandika kwenye karatasi, wakisema mtu huyo anafanya nini na kurusha dadu kujua kama amefaulu. Kulikuwa na mumewe, mwalimu wa udereva. Kulikuwa na mdogo wake fundi, muuguzi. Na kulikuwa na jirani mpiga chapa waliyemwita Bwana Polepole, kwa kuwa mtu wake wa kubuni hakuwahi kukaa wala kusimama bila kufikiria kwanza.

Sheria ya meza ile ilikuwa moja: msimulizi peke yake ndiye anayesoma kisa. Mchezaji akichungulia, kazi imekwisha. Nani hutegewa kitendawili ambacho jibu lake analo mfukoni?

Mume alikuwa na bahati ya kushangaza. Sanduku lenye nyoka aliliruka, ukuta wenye njia ya siri aliuegemea kama kwa bahati mbaya. "Mimi nanusa tu," alisema, wakambandika jina la Pua. Mkewe alijivuna naye hadharani, na wateja waliokuja kupimwa macho walisimuliwa habari za hiyo pua.

Halafu ikaja Jumapili ya mtego. Muuguzi alikuwa na tabibu wake wa kubuni, mama wa mguu mmoja mwenye mdomo mchafu, ambaye muuguzi alikuwa amemkuza miaka mitatu kwenye mchezo ule. Wakafika mlangoni. Pua akasema, "Shemeji, tangulia. Pua yangu haijawahi kunidanganya." Tabibu akatangulia, sakafu ikafunguka, akafa. Mtego ulikuwa wa mtu mmoja tu, ukishameza umelala. Pua akapita salama na kuchukua upanga wa mfalme.

Muuguzi aliikunja karatasi ya tabibu wake. Walipobaki wawili chumba cha nyuma wakiosha vikombe, akasema, "Dada, shemeji anasoma visa. Anakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa."

Dada mtu akawaka. "Wivu huo! Umefiwa na mtu wa karatasi, sasa unataka kuvunja nyumba za watu? Mwongo mkubwa wewe!"

Muuguzi akajifuta mikono, akachukua mkoba wake. Jumapili iliyofuata hakuja, na simu hakupokea.

Fundi aliumia, maana mdogo wake ndiye ndugu pekee aliyebaki naye. Lakini hakuwa na shaka hata chembe. Aliamua kumsafisha mumewe. Alichukua kisa kingine kwenye tovuti ileile. Huko mwisho palikuwa na milango miwili: wa kushoto una ngazi ya kutokea, wa kulia una shimo. Yeye akabadilisha, shimo akalipeleka kushoto, hakumwambia mtu. Mume mwenye pua ya kweli angenusa kulia, na mdogo mtu angekuja mwenyewe kuomba radhi. Fundi alishaandaa hata maneno ya kumsamehe.

"Mko mbele ya milango miwili," alisimulia Jumapili ya pili yake. "Yote ya mbao, yote imefungwa."

Bwana Polepole akaanza kujikuna kidevu. Pua hakusubiri.

"Kushoto."

"Una hakika?" Fundi aliuliza. Kimoyomoyo alikuwa akimsihi abadilishe.

"Mke wangu, lini nimekosea?"

"Unafungua. Hakuna sakafu. Unaanguka."

Mume akacheka, kisha akaona mkewe hacheki. "Hapana, bwana. Kushoto kuna ngazi. Ile ya chuma, inatokea bustanini."

Hakuna aliyekuwa ametaja ngazi, wala bustani. Bwana Polepole, kwa mara ya kwanza maishani, aliamua upesi. Alichukua kofia yake akaaga.

"Tangu lini?" fundi aliuliza.

"Tangu nilipokuletea ile tovuti." Mume alikuwa akiitazama meza. "Kila nikipatia ulikuwa unanitazama kama zile siku zetu za mwanzo. Ningeacha vipi?"

"Na mdogo wangu? Ulimwambia atangulie."

"Ah, si mchezo tu?"

Kikulacho ki nguoni mwako. Fundi alihisi hasira hadi kwenye vidole, akazikumba dadu zote zikatawanyika sakafuni, naye akatoka bila kufunga duka.

Alimkuta mdogo wake amevaa sare, anajiandaa kwenda zamu. Alisimama kizingitini, na yale maneno ya kusamehe aliyoyaandaa hayakuwa na kazi tena.

"Ulisema kweli," alisema. "Anasoma. Nisamehe, mdogo wangu."

Muuguzi akajibu, "Shemeji aliniulia mtu wa karatasi. Hilo nilishamsamehe siku ileile. Lakini wewe uliniita mwongo, dada, na wakati ule hatukuwa tunacheza."

Akarudi ndani kufunga kamba za viatu. Mlango aliuacha wazi, lakini hakusema, "Karibu."